Mfuko wa Karata wa Kufuma: Kutambua Dosari na Chanzo Chake Kabla ya Kufumua

Mfuko wa kufuma wa kuhifadhia karata ni kazi ndogo inayokamilika kwa kibonge kimoja cha uzi, lakini udogo huo ndio unaoufanya uwe na masharti makali. Sweta ikizidi upana kwa sentimita mbili bado huvalika, ilhali mfuko wa karata ukizidi kwa kiasi hicho karata humwagika, na ukipungua kwa kiasi hicho karata hukunjika. Karata iliyokunjika pembe haina siri tena: wachezaji wote huitambua hata ikiwa imelala kifudifudi, na ree ya shupaza inayojulikana kabla ya kufunuliwa huuharibu mchezo mzima.

Maelezo yafuatayo yanawalenga wafumaji wa Kigoma, ambao wengi wao hufuma kwa uzi walionunua sokoni Mwanga au Ujiji, au kwa uzi uliofumuliwa kutoka sweta za mitumba, na ambao sindano zao pengine ni spoku za gurudumu la baiskeli zilizonolewa ncha. Vifaa hivyo vinafaa kabisa, ila kila kimoja huleta dosari zake, na dosari hizo husomeka kwenye kazi yenyewe mfumaji akitulia na kuitazama. Kufumua kabla ya kujua chanzo ni kupoteza kazi mara mbili, kwa sababu kosa lile lile hurudi katika mfuko wa pili.

Vipimo vya kulinganisha

Karata zilizoenea zaidi zina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88. Zipo pia nyembamba zaidi, zenye upana wa milimita 57 na urefu wa takriban milimita 89, kwa hiyo rula itangulie uzi. Karata 52 pamoja na jokeri zake 2, zikiwa mpya na bila boksi, zina unene wa milimita 16 hadi 18 hivi. Karata zilizochezwa muda mrefu huwa nene zaidi, maana kila moja imepata mkunjo na uchafu kidogo, na hazilaliani tena kama zilivyolaliana siku zilipofunguliwa. Pima zile zitakazokaa humo, wala si mpya za dukani. Katika maelezo haya nitachukua unene wa milimita 17.

Mzingo wa mfuko, yaani kipimo cha kuzunguka, ni upana mara mbili kujumlisha unene mara mbili: 63, 63, 17 na 17, jumla milimita 160. Mfuko ukilazwa mtupu juu ya meza unapaswa kuonekana na upana wa sentimita 8, ingawa karata yenyewe ina upana wa sentimita 6.3. Kina chake ni urefu wa karata kuongeza nusu ya unene, kwa sababu sehemu ya chini ya kila upande hulazimika kupinda na kufunika nusu ya kitako. Hivyo ni milimita 97 hivi. Unene huu unaosahaulika ndio chanzo cha dosari nyingi kuliko udhaifu wowote wa mkono.

Karata haziingii, au zinaingia zikiwa zimepinda

Ingiza karata taratibu, usizisukume kwa nguvu, kisha tazama zimekwama wapi. Zikikwama mdomoni, zikikwama katikati, na zikiingia zote lakini vichwa vikabaki nje, hayo ni matatizo matatu tofauti, na tiba ya moja haitibu jingine.

Zikikwama mdomoni huku sehemu ya chini ikinyumbuka vizuri, kosa limo katika safu moja tu ya ukingo. Vuta mdomo kwa vidole viwili: ukihisi uzi mgumu uliokazana kama kamba wakati safu zilizo chini yake zinatanuka, basi vitanzi, yaani vile vijiduara vya uzi vinavyounda kazi, vilifungwa kwa mkono mzito. Ikiwa mdomo ndiyo sehemu uliyomalizia, fumua safu hiyo ya kufungia peke yake, vitanzi vilivyo wazi virudishe kwenye sindano, kisha uvifunge upya kwa sindano nene kuliko ile ya mwanzo. Ikiwa mdomo ndiyo sehemu uliyoanzia, kazi ni ngumu kidogo, kwa sababu ufumaji haufumuki kwa urahisi kutoka upande wa kuanzia. Hapo utapitisha sindano nyembamba kwenye vitanzi vya safu ya pili, utakata uzi wa safu ya kwanza mahali pamoja, utauchomoa pole pole, kisha utafunga vitanzi vilivyobaki kwa ulegevu. Hilo huchukua muda, lakini huokoa mfuko uliobaki mzima.

Zikipita mdomoni na kubanwa mwili mzima, hesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 5 katikati ya kazi, mbali na kingo, kisha uzidishe kwa mbili. Mfuko wenye vitanzi 40 utakuwa na mzingo wa sentimita 16 iwapo kuna vitanzi 25 katika kila sentimita 10. Mkono ukikaza hadi vitanzi 28, mfuko ule ule unapungua hadi sentimita 14.3, mkono ukilegea hadi vitanzi 20, unapanuka hadi sentimita 20. Mtu anayefuma kwa spoku mara nyingi hujikuta upande wa kubana, kwa kuwa spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2 tu, wakati uzi wa sweta wa unene wa kati huhitaji sindano ya milimita 4 hivi, au milimita 3 na kidogo ukitaka kazi iliyoshikamana. Anayependa spoku zake na achague uzi mwembamba, aongeze idadi ya vitanzi, badala ya kulazimisha uzi mnene kwenye sindano nyembamba hadi kazi iwe ngumu kama ubao.

Kabla ya kufumua mfuko unaobana, chunguza jambo moja zaidi. Ikiwa uliufuma kama vipande viwili bapa, kila kimoja na upana wa karata bila nyongeza, kisha ukavishona pembeni, mkono wako hauna kosa lolote. Kinachokosekana ni unene tu. Fumua mshono, fuma ukanda wenye upana wa milimita 17 na urefu wa sentimita 24, yaani ubavu mmoja, kitako na ubavu wa pili, kisha uushone kati ya vile vipande viwili. Mfuko wa namna hii husimama wima, pembe zake hukaa sawa, na kwa maoni yangu ni mzuri kuliko ule wa duara, yaani uliofumwa kwa kuzunguka bila mshono wa ubavuni. Ukanda wa rangi tofauti huufanya uonekane kwamba ulipangwa hivyo.

Zikiingia zote lakini vichwa vikabaki nje, geuza mfuko ndani nje ukague kitako. Fundo kubwa na ncha za uzi zilizoachwa hapo huweza kula milimita kadhaa. Kama kitako ni safi, safu ni chache, na safu zinaweza kuongezwa kwa kufumua ukingo wa juu na kuendelea kufuma kutoka hapo.

Mdomo umelegea na karata zinamwagika

Mfuko mpya ukilegea, rudi kwenye hesabu ya vitanzi iliyotajwa hapo juu. Mfuko uliokuwa mzuri na kulegea baada ya majuma machache una chanzo kingine, na chanzo hicho kwa kawaida ni aina ya uzi. Uzi wa sufu hutanuka na kurudi, ilhali uzi wa pamba hutanuka na kubaki ulipofika. Mfuko wa pamba unahitaji kubana kidogo ukiwa mpya, na mdomo wake ufumwe kwa vitanzi pungufu kwa moja ya kumi: kama mwili una vitanzi 40, mdomo uwe na 36.

Uzi wa sintetiki ulioenea madukani nao hurudi vizuri mpaka siku unapokutana na pasi. Pasi ya mkaa, ambayo haina kipimo cha joto, ikiwekwa moja kwa moja juu ya uzi huo huua mnyumbuko wake, na kazi hubaki imelala, inang'aa kidogo, haina uhai. Dosari hiyo haiponi. Mfuko uliopatwa na hali hiyo unaweza kusaidiwa tu kwa kamba ya kukaza mdomo au kwa kifungo. Anayetaka kunyoosha kazi ya sintetiki ailoweshe, aikamue ndani ya taulo, aitandaze kwa vipimo vyake na kuiacha ikauke kivulini.

Ufumaji unaofaa mdomo ni ule wa ukosi na mikono ya sweta, yaani vitanzi viwili vya mbele (uzi ukiwa nyuma ya kazi) na viwili vya nyuma (uzi ukiwa mbele ya kazi), ukirudiwa kwa safu 8 au 10. Huo hujikusanya wenyewe na kutanuka mkono unapoingia. Ufume kwa sindano nyembamba kidogo kuliko ya mwili, ukumbuke kwamba idadi ya vitanzi igawanyike kwa 4; zile 40 na 36 zote zinagawanyika.

Ukingo unajikunja

Ukifuma upande mmoja kwa vitanzi vya mbele na kurudi kwa vya nyuma, utapata uso laini wenye alama za herufi V, na uso huo hujikunja daima: kingo za pembeni hukunjamana kuelekea nyuma, za juu na chini hukunjamana kuelekea mbele. Si kosa la mfumaji wala la uzi. Kitanzi cha mbele na cha nyuma havina mvutano sawa pande zote mbili, na uso wenye vitanzi vya aina moja tu hauna kinachousawazisha. Kuunyoosha kwa pasi hakusaidii kwa muda mrefu, na tumekwisha kuona madhara ya pasi. Weka safu 4 za ufumaji wa kurudia mbele kila upande, au mbele moja nyuma moja kwa kupishana, kwenye ukingo wowote utakaobaki wazi, hasa wa kifuniko.

Idadi ya vitanzi inabadilika

Mfuko ulioanza na vitanzi 40 na kufikia 43 katikati hupanuka kuelekea juu, na mfumaji huhisi kwamba mkono wake umelegea. Hesabu kwanza. Vitanzi vinapoongezeka bila kukusudiwa, chanzo huwa kimoja kati ya vitatu. Cha kwanza ni uzi kupitishwa juu ya sindano mwanzoni mwa safu, ambapo kitanzi cha kwanza huvutwa na kuonekana kama viwili. Uzi ukae chini ya sindano kabla ya kuanza safu. Cha pili ni uzi kusahaulika upande wa mbele baada ya kitanzi cha nyuma, ukajizungusha kwenye sindano na kuacha tundu dogo la duara chini ya kitanzi kipya. Cha tatu ni sindano kupasua uzi na kuokota nusu yake, jambo linalowapata sana wenye spoku zilizonolewa kupita kiasi. Ncha ya spoku isuguliwe kwenye jiwe laini mpaka iwe butu kidogo.

Vikipungua, ama viwili vilifumwa pamoja, ama kimoja kimeponyoka na kinateremka kwa siri. Kilichoponyoka huacha ngazi ya nyuzi za kukingama, na hakuna haja ya kufumua safu zote. Kikamate kwa pini kisiendelee kushuka, kisha kwa sindano ya kroshia vuta kila kidato cha ngazi ndani ya kitanzi, kimoja baada ya kingine, mpaka ufike juu. Hakikisha hukuruka kidato chochote, kwani kitakachoachwa kitaonekana nyuma kama uzi mrefu uliolegea, na pembe ya karata itaunasa.

Mfuko unazunguka kama uliosokotwa

Mistari ya vitanzi inapopanda kwa mshazari badala ya kusimama wima, mshono wa ubavuni huishia mbele ya mfuko. Ikiwa uliufuma kwa duara, angalia kwanza safu ya mwanzo. Duara lililounganishwa huku safu ya kuanzia imejipinda juu ya sindano haliponi isipokuwa kwa kuanza upya, kwa hiyo dakika moja ya kulaza safu hiyo mezani na kuhakikisha kwamba ukingo wote umeelekea chini inastahili. Kama safu ya mwanzo ni sawa, chunguza uzi: chukua urefu wa mkono mmoja, kutanisha ncha zake na uuache uning'inie. Ukijisokota wenyewe, una msokoto uliozidi, na msokoto huo ndio unaoivuta kazi upande. Uzi wa namna hiyo haufai duara. Fuma vipande bapa uvishone.

Hapa lazima niseme zaidi kuhusu uzi wa mitumba, kwa sababu ni mzuri, ni wa bei nafuu, na mara nyingi ni sufu ambayo haipatikani kirahisi dukani, lakini unataka kuchaguliwa kwa makini. Kabla ya kununua sweta kwa ajili ya uzi wake, igeuze ndani utazame mishono ya ubavuni. Mshono ulioshonwa kwa ovaloki, mashine inayoziba ukingo uliokatwa, unaonyesha kwamba vipande vilikatwa kwa mkasi, na sweta hiyo ikifumuliwa itatoa nyuzi fupi zinazoishia kila mwisho wa safu. Inayofaa ni ile ambayo kila kipande kina ukingo wake kamili, na mshono wake unachomoka kwa kukata uzi mmoja. Vuta pia kitambaa kwa pande mbili: sweta iliyofuliwa kwa maji ya moto mpaka vitanzi vikashikana haitafumuka hata kwa subira.

Uzi uliofumuliwa hutoka na mawimbi, na anayeufuma hivyo hivyo hupata vitanzi visivyolingana, kimoja kikubwa, kimoja kidogo, ingawa mkono wake umetulia. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne kwa kipande cha uzi, uloweshe katika maji ya vuguvugu, kisha uutundike kivulini ukiwa na uzito mdogo chini yake. Ukikauka utakuwa umenyooka.

Matundu na mistari iliyolegea

Mstari wima wa vitanzi vilivyolegea, unaojirudia mahali pale pale katika mfuko wa duara, hutokea pale sindano moja inapokutana na nyingine. Kaza kitanzi cha pili baada ya kila makutano, kwa kuwa cha kwanza bado kinateleza, au sogeza makutano kwa vitanzi viwili katika kila safu ili ulegevu usikae mahali pamoja. Safu zinazopishana, moja imebana na nyingine imelegea, katika kazi ya bapa huonyesha kwamba unafuma vitanzi vya nyuma kwa ulegevu zaidi. Hili ni jambo la kawaida sana. Tumia sindano nyembamba kidogo kwa safu za kurudi.

Masikio kwenye kitako, na kifuniko kisichofika

Mfuko wa duara ulioshonwa kitako kwa mstari mmoja huota masikio mawili ya pembetatu pindi karata zinapoingia. Geuza mfuko ndani nje, shika kila pembe uibonyeze mpaka mshono wa kitako ulale katikati, kisha shona mstari mfupi wa milimita 17 kukingama pembe hiyo. Kitako kitakuwa mstatili, na karata zitasimama juu yake bila kuinama.

Kifuniko kinachovuta mdomo kuelekea mbele ni kifupi, na ufupi huo hutokana tena na unene uliosahaulika. Kinapaswa kuvuka milimita 17 za juu kabla ya kuanza kushuka mbele, kwa hiyo ukitaka kishuke sentimita 4, fuma sentimita 6 kasoro kidogo.

Karata zinanata, zinapata nywele au madoa

Karata za plastiki huvumilia mengi, lakini za karatasi hunyonya unyevu wa hewani na kujikunja, na katika miezi ya mvua, kuanzia Oktoba hadi Mei, mji wa Kigoma ulio kando ya ziwa hauna upungufu wa unyevu. Mfuko wa pamba uliolowa huweka unyevu huo karibu na karata kwa muda mrefu. Usirudishe karata ndani ya mfuko ambao haujakauka kabisa, hata kama kwa nje unaonekana mkavu; bonyeza kitako kwa vidole, kwani ndiko maji yanakobaki mwisho. Kuanzia Juni adui huwa vumbi, ambalo hushikwa zaidi na uzi wenye nywele nyingi, kisha hukwangua uso wa karata kila zinapoingia na kutoka. Uzi laini uliosokotwa vizuri ndio unaofaa.

Madoa ya rangi hutoka kwenye uzi. Lowesha kipande cha uzi, ukibane ndani ya kitambaa cheupe na ukiache hadi kikauke; kitambaa kikipata rangi, fua uzi wote mpaka maji yatoke meupe kabla ya kuufuma.

Bitana ya kitenge hupunguza matatizo ya vumbi, nywele na madoa kwa pamoja, kwa sababu karata huteleza juu yake na haziguswi na uzi. Kitenge kipya kifuliwe kwanza, maana huweza kutoa rangi na kunywea. Na kwa kuwa kitenge hakinyumbuki kama ufumaji, bitana iwe na mzingo wa sentimita 17 ikisha kushonwa, si 16. Mfuko uliokubali karata vizuri na kuzikataa baada ya kutiwa bitana hauna dosari ya ufumaji. Chomoa bitana, iongeze sentimita hiyo moja, uirudishe kwa mishono mirefu iliyo chini ya ukingo wa mdomo ili mdomo uendelee kutanuka.